Mahindi Jikoni, Pakiti Mezani

Kwa sasa hakuna zao hapa Mugoma, wilayani Ngara, linalodhalilishwa kama mahindi. Mgeni akibisha hodi, sufuria ya mahindi ya kuchemsha inafunikwa upesi na kusukumwa nyuma ya mafiga, kisha mtoto anatumwa dukani mbio akalete pakiti ya krispi. Krispi za nini? Za mahindi! Sahani inawekwa mezani, imejaa kitu chenye rangi ya machungwa ambacho hakuna shamba la Ngara lililowahi kukizaa, na mgeni anaona amepokewa kwa heshima. Dhuluma hii inafaa kujadiliwa kwa hoja, maana mahindi hayana wakili.

Tumpime kwanza mkubwa wa ukoo huo wa pakiti, tortilla ya pembetatu iliyokaangwa. Gramu 100 zake zina takriban kilokalori 490, na karibu robo ya uzito huo ni mafuta. Mahindi mabichi ya kuchemsha yana kama 100 tu. Watetezi wa pakiti watasema huo ni ujanja, kwani mahindi ya kuchemsha sehemu kubwa ni maji. Wana haki. Basi tushindanishe kikavu na kikavu: bisi zisizotiwa mafuta zina kama 380. Kinachozidi hapo ni kazi ya kikaango. Kipande kikizama kwenye mafuta ya moto, maji yaliyomo hugeuka mvuke na kutoka kwa fujo, yakiacha vitundu. Kipande kikitolewa na kuanza kupoa, mafuta yaliyonata juu yake hufyonzwa humo. Ule mlio mtamu wa kutafuna ni sauti ya kuta nyembamba zikivunjika. Mlaji ananunua mahindi, lakini analipia na mashimo.

Hata hivyo haki itendeke, kwa sababu tortilla ina elimu ambayo sisi hatukuletewa. Tangu kale wenyeji wa Mexico huchemsha mahindi makavu katika maji ya chokaa, huyalaza usiku kucha, huyaosha mpaka ganda litoke, ndipo husaga. Chokaa hulegeza ganda, huongeza kalsiamu na, kubwa kuliko yote, hufungua niasini, vitamini iliyojifungia ndani ya punje kiasi kwamba mwili hauipati vizuri. Tangu mwishoni mwa karne ya 15 mahindi yalivuka bahari kuja Ulaya na Afrika. Mpishi wake akabaki. Mwaka 1735 daktari Gaspar Casal wa Hispania alieleza ugonjwa wa wakulima maskini walioishi kwa mahindi: ngozi inapasuka, tumbo linaharisha, akili inavurugika. Ni pelagra. Ilibidi kungoja hadi 1937 Conrad Elvehjem aonyeshe kwamba niasini ndiyo dawa. Na bado mwaka 1990, wakimbizi wa Msumbiji zaidi ya 17,000 waliugua pelagra nchini Malawi baada ya karanga, zenye niasini, kukosekana katika mgao wao. Ngara, iliyopokea umati wa wakimbizi katika kambi ya Benaco mwaka 1994, haihitaji kufundishwa maana ya kuishi kwa mgao.

Sasa tazama kilichotufikia. Krispi nyingi za kufura ni chenga za mahindi yaliyokobolewa, zilizosukumwa kwenye mtambo wa joto na shinikizo, zikapakwa mafuta, chumvi na rangi. Chokaa hakuna. Kiini na pumba, penye mafuta mazuri, vitamini na nyuzinyuzi, mara nyingi huishia kwenye chakula cha mifugo. Yaani kuku anakula kiini, mtoto anakula rangi, halafu tunashangaa kuku ndiye anayenenepa. Mtu atajibu kwamba kukoboa kuna sababu: unga wa sembe hauchachi upesi kama dona, na kukoboa hupunguza sumukuvu. Kweli, lakini hiyo ni hoja ya kukausha na kuhifadhi mahindi vizuri. Haijawa hoja ya kununua rangi.

Wengine watasema mtoto mwenye njaa anahitaji nguvu, na pakiti inayo. Inayo. Gramu 30 za tortilla hutoa kama kilokalori 150 na protini gramu 2. Karanga za kukaanga za uzito uleule hutoa kama 170, na protini gramu 7, pamoja na ile niasini. Na makande yanamaliza kesi: protini ya mahindi ina upungufu wa asidi-amino iitwayo laisini, maharage yanayo tele, na maharage Ngara hayaagizwi kutoka ng'ambo. Pakiti si sumu. Anayeipenda aile sikukuu. Ila isikalie kiti cha mgeni rasmi huku makande yakiombewa radhi.