Ziwa Lisilosoma Sheria

Kosa ni la Ziwa Tanganyika. Sheria ya mazingira ilitangazwa Kinshasa tarehe 9 Julai 2011, ziwa likapuuza kuisoma. Mto Mulongwe nao mjeuri: Aprili 2020 ulibomoa nyumba mjini Uvira na kuua makumi ya watu bila hata kungoja amri ya waziri. Mwaka 2024 ziwa likapanda tena, likaingia bandari ya Kalundu bila kulipa ushuru.

Serikali ya Kongo, kwa upande wake, imetimiza wajibu. Ilijiita “nchi ya suluhisho”, na Oktoba 2022 ikawaalika wakubwa wa dunia Kinshasa kujadili tabianchi. Julai ya mwaka huohuo ilikuwa imefungua mnada wa vitalu 27 vya mafuta, 11 kati yake bonde la Tanganyika. Hekima iliyoje! Mganga anayeuza dawa na ugonjwa hakosi wateja. Mnada ulifutwa Oktoba 2024, ila si kwa sababu ya kelele zetu.

Basi ndugu wa Uvira, acheni kunung’unika. Maji yakibisha hodi usiku, yaonyesheni sheria. Yakikataa kusoma, yashtakiwe.