Jina Kwanza, Namba ya Siri Baadaye

Wifi yangu anauza samaki na barafu za ubuyu hapa Mbagala. Friza yake ya zamani ilikuwa inakula umeme na kugandisha kwa shida, kwa hiyo alipoona mpya Instagram kwa shilingi 350,000, aliamini riziki imemfuata. Sharti likawa moja: lipa leo, mzigo unaletwa hadi mlangoni.

Duka lilijitangaza kwa jina la kampuni. Simu ilipomwonyesha jina la mpokeaji, likatokea la mtu binafsi. Akauliza, akajibiwa ni la mhasibu. Akaingiza namba ya siri.

Mchana akapiga dereva wa kirikuu: friza ipo Ubungo, inadaiwa 40,000 ya ushuru. Ikatumwa. Jioni ule ukurasa ukawa haufunguki tena kwake. Kabla machozi hayajakauka ikaingia simu nyingine, sauti ya upole, mtu wa "huduma kwa wateja". Anataka kumrejeshea pesa. Asomewe tu tarakimu sita zilizoingia kwa meseji. Mama mkwe, aliyekuwa akichambua mchicha, akamnyang'anya simu.

"Anayenirudishia changu haniombi ufunguo," akasema, akakata.

Aliokoa mengi. Kadi ya benki ya mume wangu ilikuwa imehifadhiwa kwenye simu hiyohiyo, inayotumiwa na nyumba nzima, ili manunuzi ya watoto yasisumbue. Tarakimu zile ndizo zilizobaki kati ya tapeli na akiba yetu ya ada.

Mume wangu akapitisha amri usiku uleule. Kadi ikafutwa, programu za manunuzi zikaondolewa, na laini yenye pesa akasafiri nayo Dodoma kikazi. Haikupita wiki, LUKU ikakata usiku wa manane. Yeye amelala, simu haipokelewi, maduka yamefungwa, sisi tuliobaki hatuna hata senti kwenye simu. Kulipokucha, samaki wa wifi walikuwa wameharibika. Hasara ya kwanza ililetwa na mlango ulioachwa wazi, ya pili na mlango uliopigwa kufuli zote, na mama yuleyule mfanyabiashara akazilipa zote mbili.

Mume wangu aliporudi tukakaa kikao, mama mkwe akiwa mwenyekiti. Tulikubaliana kuwa pesa zisikae mahali pamoja. Akiba ibaki benki, isiunganishwe na simu ya manunuzi. Laini ya matumizi iwekwe kiasi cha wiki tu, na watu wazima wote wa nyumba waweze kununua umeme na gesi kwayo. Kwa maduka ya nje ya nchi tutumie kadi ya mtandaoni inayotolewa na huduma ya pesa kwa simu, tukiijaza bei ya kitu kinachonunuliwa. Kwa muuzaji wa hapa tusiyemjua, tulipe mzigo ukiwa mbele yetu, umeshachomekwa na kuwaka. Na jina la mpokeaji lisomwe kwa sauti kabla ya namba ya siri. Likitofautiana na la duka, biashara imeishia hapo. Kulisoma hakuchukui muda wowote, na pesa ikishatoka kuirudisha ni kazi ya kuomba.

Mama mkwe aliongeza lake: asiwepo wa kumsimanga wifi. Aliyetapeliwa akionewa aibu, kesho ataficha, na tapeli hufaidika na muda ule wa kuficha.

Nami nawaomba wenye nyumba wenzangu mlishike hilo. Ukitapeliwa, sema mara moja. Wapigie watoa huduma wa laini yako papo hapo, maana pesa ambayo tapeli hajaitoa inaweza kuzuiwa. Meseji yake itume kwenda 15040. Kisha piga *106# uhakikishe hakuna laini ngeni iliyosajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA. Na tarakimu zinazoingia kwenye simu yako usimsomee mtu yeyote, hata akijitambulisha kuwa ni wa benki.