Roald Hoffmann: Kutoka Saba Mpaka Moja

Wapo wakemia wa asidi na wapo wakemia wa chaki. Hoffmann ni wa chaki: kemia yake ya kaboni huipikia ubaoni, na inaiva. Haya, tuhesabu kinyumenyume.

7. Jina. Alizaliwa 1937 Złoczów, mji uliokuwa Polandi na leo uko Ukraine. Aliitwa Roald kwa heshima ya Amundsen, Mnorwei wa kwanza kufika Ncha ya Kusini. Ukimpa mtoto jina la msafiri, mwandalie na viatu.

6. Dari. Hapa utani nauweka kando. Kuanzia 1943 hadi katikati ya 1944, yeye na mama yake walijificha darini, kwenye shule ya kijiji, wakihifadhiwa na mwalimu Mykola Dyuk. Hii haikuwa kombolela. Baba yake aliuawa na Wanazi 1943. Kule juu mama alimfundisha jiografia: mtoto asiyeweza kutoka nje alikaririshwa dunia nzima.

5. Madawati. Aliingia Marekani 1949. Akasoma Columbia, kisha Harvard, uzamivu 1962. Katikati akakaa Moscow miezi kadhaa, Vita Baridi vikiwa vimepamba moto. Huko Columbia, historia ya sanaa nusura ituibie mkemia.

4. Cornell. Alifika 1965, akatia nanga. Kwa miaka mingi aliwafundisha kemia wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Wahadhiri wetu, mfano ndio huo.

3. Kalamu ya pili. Ni mshairi mwenye diwani kadhaa. Akishirikiana na Carl Djerassi aliandika tamthilia ya *Oxygen*, inayouliza nani hasa aligundua oksijeni: Scheele, Priestley au Lavoisier? Ugomvi mtamu kuliko wa mirathi.

2. Tuzo. Nobel ya 1981 aligawana na Kenichi Fukui wa Japani. Kila mmoja alifika kwa njia yake. Robert Burns Woodward, mwenzake Hoffmann katika kanuni tutakazozifikia namba moja, alikuwa amefariki 1979, na Nobel hawapewi marehemu. Woodward alikwisha pata yake 1965, lakini mimi bado naona pengo lake.

1. Kanuni. Hapa ndipo penyewe! Woodward, fundi wa kuunda molekuli, alikuwa akijaribu kuiunda vitamini B12 alipoona mnyororo wa kaboni ukijifunga kuwa pete kinyume na alivyotazamia. Akamwendea kijana wa nadharia, Hoffmann. Jibu likapatikana kwenye mawimbi ya elektroni: ili ncha mbili za mnyororo zishikane, mawimbi yake lazima yapatane, na mapatano hayo ndiyo yanayoamua ncha zizunguke vipi. Palipo na elektroni nne, joto huzizungusha ncha upande mmoja, mwanga huzizungusha pande tofauti. Zikiwa sita, kila kitu hugeuka. Makala tano za 1965 zilitosha kulisema hilo, na Hoffmann hakuwa hata na miaka 30. Kabla ya hapo wakemia walikuwa na rundo la matokeo yasiyoelezeka; baada ya hapo waliweza kutabiri umbo kabla ya kuwasha moto. Kwa hilo peke yake nampa namba moja bila kusita.

Nawe unayeota jua, kanuni hiyo iko ngozini mwako: mwanga hufungua pete yenye elektroni sita, ncha zikizunguka upande mmoja, na mwili huanza kutengeneza vitamini D.