Nyinginezo (Taja)

Kila fomu ya nchi hii ina kisanduku kinachonitoa jasho. Jina nalijua, tarehe ya kuzaliwa naijua, hata kata ninayoishi naikumbuka. Nikifika kwenye kazi, kalamu inagoma. Mkulima? Mwajiriwa? Mfanyabiashara? Chini kabisa, kama mgeni aliyekosa kiti, kumeandikwa "Nyinginezo (taja)", na mbele yake mstari mfupi kuliko kidole gumba. Mimi ni mfuga nyuki, mfasiri na mshereheshaji wa harusi. Mstari huwa unaishia kwenye "mfuga".

Miaka saba iliyopita nilikuwa karani wa ghala hapa Tanga. Haikuwa kazi mbaya. Tatizo ni kwamba saa mbili asubuhi nilikwishajua saa kumi jioni nitakuwa nafanya nini, na Januari nilikwishaijua Desemba. Nilipoaga, baba mdogo aliitisha kikao cha ukoo, akanipa methali ambayo kila mwenye kazi zaidi ya moja hupewa bure: njia mbili zilimshinda fisi.

"Fisi alikuwa na njia mbili, akapasuka msamba," akasema. "Wewe mwenye tatu, mwanangu, tutakuja kukuokota wapi?"

Nikajitetea kwa Shaaban Robert, mtu wetu huyuhuyu wa Tanga, aliyekuwa karani wa forodha miaka na miaka huku akitunga mashairi. Baba mdogo hakutikisika. "Shaaban Robert alikuwa na mshahara." Nikavuka bahari hadi Unguja kwa Bi Kidude: aliimba, alipiga ngoma za unyago, alipaka watu hina, alitibu kwa mitishamba. "Basi nenda kapake hina," akanijibu, na kikao kikafungwa kwa dua.

Sitamsingizia fisi, naye ana hoja yake. Ramadhani ikiingia, harusi zinalala. Asali nayo inangoja maua, na maua hayajui kodi ya nyumba inalipwa tarehe ngapi. Tafsiri zipo mwaka mzima, ila malipo yake hutembea kwa magoti. Kwa hiyo kazi zangu zinapokezana kama makuli na gunia: asali ikichoka, harusi inabeba. Tena zinanipumzisha. Mzingani natakiwa kunyamaza, ukumbini natakiwa kusema, na mezani kwa mfasiri napima kila neno kama muuza dhahabu. Nikitoka kwa nyuki nina hamu ya watu. Nikitoka kwa watu nina hamu kubwa zaidi ya nyuki.

Sharti lilikuwa moja tu: zisikutane. Zikakutana.

Mizinga yangu iko Muheza, kwenye shamba la michungwa la rafiki. Ijumaa moja jioni nilikwenda kurina. Njiani nikanunua ndizi kisukari, nikala nne, nikajifutia mikono kwenye suruali. Sasa, nyuki akiuma huacha harufu ya kuwaita wenzake waje wamsaidie, na harufu hiyo inafanana sana na ya ndizi mbivu. Nilikuwa naifahamu habari hiyo. Nilikwisha hata kuifasiri kwenye kijitabu cha wafugaji. Lakini njaa haisomi vijitabu. Nilifika mzingani nimevaa tangazo la vita, na wavu wangu wa uso ulikuwa na tundu. Tundu moja kwa nyuki ni geti la stendi.

Jumamosi jicho la kushoto lilikuwa limefunga duka na mdomo wa juu umetangulia safari. Ukumbini, mwenyekiti wa kamati alinivuta pembeni. "Kaka, umegombana na nani?"

"Na wafanyakazi wangu."

Mfukoni nilikuwa na karatasi mbili, zilizokunjwa sawasawa: wasifu wa bwana harusi, na maelekezo ya friji niliyokuwa nimemaliza kumfasiria mfanyabiashara mmoja. Nikachomoa moja, nikaikodolea jicho lililobaki. Neno la kwanza lilikuwa "Hongera!" Nikasema moyoni, ndiyo yenyewe.

"Hongera kwa kufanya chaguo bora!" Vigelegele. "Ukiitunza ipasavyo, itakutumikia miaka mingi!" Vigelegele zaidi. "Baada ya kuifikisha nyumbani, iache isimame saa nne kabla ya kuiwasha."

Ukumbi ukanyamaza. Kisha meza ya mashangazi ikalipuka.

Hapo nikajua nimeshika nini. Lakini bwana harusi alikuwa anafuta machozi ya kicheko, na DJ alishapachika kipande cha muziki. Kurudi nyuma kungekuwa aibu mbili. Nikasonga mbele: "Kelele ndogondogo nyakati za usiku ni jambo la kawaida. Usiite fundi." Bibi harusi akajificha nyuma ya shada la maua. "Dhamana haihusu uharibifu uliosababishwa na mtumiaji." Baba wa bibi harusi akainuka kwenye kiti chake, akaja kunitunza noti mbili za elfu kumi.

Wakati wa chakula, mama mmoja alinifuata. "Mwanangu, hiyo asali unauza? Maana huku mjini tunanyweshwa sukari. Ya kwako nimeuona ushahidi wake usoni." Nyuma yake alisimama bwana aliyetaka maelekezo ya pampu yake ya maji yawekwe kwa Kiswahili, "lakini hayo yasisomwe harusini."

Baba mdogo naye alikuwa amealikwa, amekaa meza ya wazee. Nilipopita na sahani ya pilau, nikamsikia jirani yake akimuuliza, "Huyu si mwanao? Anafanya kazi gani?"

Baba mdogo alikuna kidevu kwa muda mrefu.

"Hilo hata mimi bado nalichunguza," akasema. "Ila kama una binti wa kuoza, wahi. Jumamosi zake zimebaki mbili."