Globu ya Vifaranga

Baba Mdogo alikuwa fundi umeme wa nyumba yake kabla umeme wenyewe haujafika Dirma. Alianzia kwenye sola: paneli moja juu ya bati, betri ya gari, na nyaya alizozimenya kwa meno na kuzisokota kwa vidole huku betri ikiwa imeunganishwa. Hakuna kilichomtokea. Volti 12 haziwezi kusukuma mkondo wa maana kwenye ngozi kavu ya mtu, basi. Yeye alichukulia kwamba umeme umemzoea.

Nguzo za REA, wakala wa nishati vijijini, zilipoingia kijijini akawa wa kwanza kulipa ile ada ya shilingi 27,000. Fundi alipokuja kufunga nyaya, Baba Mdogo alivuta kigoda akakaa kumtazama kama mkaguzi aliyetumwa na wizara. "Kumbe nyaya mbili tu," alimwambia Mama Mdogo jioni ile. "Mmoja unaleta, mmoja unarudisha." Hapo alipatia, na nataka hilo liandikwe, maana baadaye hakupatia tena kwa muda mrefu. Umeme hautembei mpaka njia yake iwe imefungwa: utoke kwenye chanzo, upite kwenye kifaa, urudi kwenye chanzo. Swichi haina kazi nyingine zaidi ya kuikata njia hiyo na kuiunga. Waya wa tatu, ule wa kijani wenye mstari wa njano unaoteremka hadi kwenye chuma kilichozikwa ardhini, aliuita urembo.

Mambo yalitulia hadi msimu wa baridi. Upande wetu huu wa Hanang, Juni na Julai upepo ukishuka kutoka mlimani hata mbwa anaomba kulala ndani. Na ndio msimu ambao Baba Mdogo aliagiza vifaranga wa siku moja kutoka Arusha, boksi zima, wakafika kwa basi wakilia kama redio isiyokamata stesheni. Kifaranga wa wiki ya kwanza anataka joto la nyuzi 32 hadi 35. Bibi akaleta chungu chake na mkaa, kama ilivyofanyika miaka yote. Baba Mdogo akamwambia, kwa heshima, kwamba mkaa ni mambo ya zamani, akatoa mfukoni globu ya wati 100, ya ule mtindo wa kale wenye uzi ndani.

Chaguo lenyewe halikuwa baya. Globu ya uzi ni jiko linalojifanya taa: zaidi ya asilimia 90 ya umeme inaoula hutoka kama joto. Kwa kusomea ni hasara, kwa vifaranga ni neema. Tabu ilikuwa namna ya kuufikisha umeme bandani. Taa ya karibu ilikuwa ya jikoni kwa Mama Mdogo, balbu ya LED ya wati 9. Baba Mdogo akazima swichi kubwa (hilo nalo liandikwe), akapanda meza, akakata waya mmoja kati ya miwili inayoishika taa ile, akaunga waya mrefu kwenye ncha zote mbili, akaupitisha dirishani mpaka bandani. Mmoja unaleta, mmoja unarudisha.

Akawasha. Jikoni kukawa kweupe pe. Bandani giza.

Akabadilisha globu: giza. Akaipeleka ile ya kwanza sebuleni: ikawaka kama jua la saa sita. Akaitoa ikiwa ya moto, akaichezesha viganjani kama kiazi, akakimbia nayo bandani: giza. Kesho yake akapanda bodaboda hadi Katesh kumrudishia muuza duka globu mbovu. Muuza duka akaichomeka mbele ya wateja, ikawaka. Baba Mdogo alirudi kimya, na kufika nyumbani akatangaza kwamba watu wa umeme wanatuletea umeme hafifu. Mama Mdogo akamuuliza, kama ni hafifu, mbona jikoni kwake anaona hadi mchwa ukutani?

Hapo ndipo ilipozaliwa nadharia ya lambo. Nimeisikia mara nyingi, maana nilikuwa nimekuja kuwasaidia kuvuna mahindi na sikuwa na pa kukimbilia. Umeme, alisema, ni kama ng'ombe kwenye lambo wakati wa kiangazi. Kundi la mbele linakunywa maji, la nyuma linalamba tope. Taa ya jikoni iko mbele, inakunywa wote; vifaranga wanaletewa tope. Dawa ni kubadilisha foleni. Akapanda meza tena, akahamishia kiungo chake kwenye waya wa pili ili umeme uanzie bandani kisha ndio upite jikoni.

Jikoni kweupe pe. Bandani giza.

Kwa mtu mwingine hiyo ingekuwa fedheha. Mimi naona lilikuwa jaribio bora kabisa la kisayansi kufanyika katika boma lile. Kama umeme ungekuwa unanywewa njiani, foleni ingebadilisha mambo. Haikubadilisha chochote.

Binti yao wa kidato cha tatu alikuwa likizo, na fizikia yao ilikuwa imefika kwenye mkondo wa umeme na ufungaji wa nyaya majumbani. Alikuwa amekaa kimya siku zote hizo kwa adabu. Sasa akasema, "Baba, samahani. Mkondo haunywewi. Unaoingia kwenye taa ndio huo huo unaotoka."

"Unatoka kufanya nini, kama haujaliwa?"

"Kinachogawanwa ni volti, Baba."

Baba Mdogo akataka ushahidi, si kitabu. Kwa hiyo akaitwa kijana anayetengeneza simu pale senta, mwenye mita ya kupimia. Alikuja na kandambili za mpira, akapanda meza, mkono wa kushoto akautia mfukoni. Bibi akamwona hana adabu. Kijana akaeleza kwamba ukipima umeme mkubwa mkono mmoja ukae mbali, maana ukiteleza na yote miwili inagusa, njia ya umeme inakuwa ni kifua chako, na moyo umo humo. Akagusisha sindano za mita kwenye ncha mbili za taa ya jikoni: volti 226. Akaenda bandani, akainama kati ya vifaranga, akapima ncha mbili za globu: volti 3. Jumla 229, yaani karibu volti 230 zote zinazoingia ndani ya nyumba.

Binti akachukua kalamu. Taa ya wati 9 kwenye volti 230 inahitaji mkondo wa ampea 0.04 hivi, basi, imeridhika. Globu ya wati 100 ili iwake inahitaji ampea 0.43, zaidi ya mara kumi ya hizo. Sasa zimefungwa kwenye mstari mmoja, na mstari mmoja una mkondo mmoja. Taa ya jikoni, yenye ukinzani mkubwa, inabana njia. Kale kamkondo kanakopita kanaitosha yenyewe, lakini uzi wa globu hakawezi hata kuupasha moto. Na ndio maana hakuna wa mbele wala wa nyuma. Ukibana popote, umebana kote.

Georg Ohm, aliyeandika mwaka 1827 uhusiano huu wa volti, mkondo na ukinzani, alikuwa mwalimu wa sekondari mjini Cologne, Ujerumani, na wenzake hawakumwelewa upesi. Namtaja ili nimtetee Baba Mdogo.

Yeye hakukubali kushindwa bila kujaribu la mwisho. Kama kosa ni kwamba taa hazilingani, zilinganishwe! Akatoa ile LED, akaweka jikoni globu ya wati 100 kama ya bandani. Zote mbili zikawaka, rangi ya chungwa bivu, huwezi kuchambua mchele. Kila moja ilikuwa imepata volti 115, nusu ya haki yake. Na nusu ya volti haileti nusu ya mwanga, inaleta pungufu ya hapo sana. Usiku Mama Mdogo akamaliza kuosha vyombo, akazima taa ya jikoni kama kila siku, akaenda kulala. Njia ikakatika, na vifaranga wakalala kwenye baridi, wamepandana kona moja. Asubuhi walikutwa wanne wamekufa. Bibi hakusema neno. Alienda kuwasha mkaa, chungu kikaingia bandani.

Sasa Baba Mdogo alikuwa tayari kusikia kuhusu kufunga sambamba. Kila kifaa kipewe njia yake kutoka waya wa kuleta hadi waya wa kurudisha. Kila kimoja kitapata volti 230 zake kamili, na kikizimwa kimoja kingine hakijui. Alifurahi mno. Kwa maoni yangu alifurahi kupita kiasi, kwa sababu alisikia "kila kimoja kitapata" na hakusubiri sentensi iliyofuata.

Jumapili tunajiandaa kwenda kanisani, kwenye ekstensheni moja ya sebuleni kulikuwa na pasi ya wati 1,000, heta ya ndoo ya wati 1,500 na jagi la wati 2,000. Kwenye sambamba mikondo hujumlishwa: ampea 4.3, na 6.5, na 8.7, zote zinapita kwenye kiwaya kimoja chembamba. Karibu ampea 20. Na waya hupata joto kwa mraba wa mkondo. Ukiuongeza mara mbili, joto linaongezeka mara nne. Harufu ilianza kama ya kandambili iliyoanguka motoni. Mama Mdogo akachomoa pasi, akaona plastiki ya ekstensheni imelainika imeshikana na zulia.

Ndani ya plagi ya ekstensheni kuna fyuzi ya ampea 13, kazi yake ni kuungua kabla mengine hayajaungua. Ilikuwa imekwisha kuungua zamani. Baba Mdogo alikuwa ameizungushia karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, "kwa muda tu". Breka ya ukutani nayo ni ya ampea 32, kwa hiyo ilitazama ampea 20 zikipita bila kushtuka. Inalinda nyaya nene zilizo ukutani, haijui habari za kamba iliyo chini ya zulia.

Mama Mdogo akaongea kwa sauti ya chini, ambayo ndiyo ya hatari. "Baba Watoto. Kesho analetwa fundi mwenye leseni ya EWURA. Wewe utamshikia ngazi."

Akamshikia. Fundi akavuta bandani waya wa kustahili, sambamba, na swichi yake, akaukagua ule wa kijani, wa erthi, na kumweleza Baba Mdogo kwamba urembo huo, siku waya wa kuleta ukigusa bati la pasi, ndio unaoufanya umeme ukimbilie ardhini na kuangusha breka badala ya kupitia kwa mkewe. Globu ikawaka wati 100 kamili. Vifaranga wakatawanyika, wakajinyoosha, wakaacha kulia. Chungu cha Bibi kikatolewa.

Kisha binti akapiga hesabu ambayo hakuna aliyeiomba. Wati 100 kwa saa 24 ni yuniti 2.4 kwa siku, 72 kwa mwezi. Mtumiaji mdogo wa nyumbani anapata yuniti 75 kwa mwezi kwa bei nafuu ya shilingi 100 kila yuniti kabla ya kodi. Akizidisha, bei inapanda. Zinabaki yuniti tatu za binadamu.

"Kwa hiyo wenye nyumba ni kuku," akasema Bibi.

Ukimya ukapita sebuleni. Baba Mdogo akakuna kidevu, akauliza taratibu: vifaranga wakikua, si wanahitaji joto pungufu kila wiki? Ndiyo. Na zile globu mbili za rangi ya chungwa, zilizofungwa kwenye mstari mmoja, si zilikuwa zinakula kidogo? Binti akaandika: kwa kanuni, wati 25 na 25, jumla 50. Akasita, akaongeza kwamba uzi usiopata moto sana una ukinzani mdogo, hivyo itakuwa zaidi kidogo ya hapo, labda 60 na ushee. Akakiangalia kile kikaratasi, akamwangalia baba yake.

"Wiki ya tatu inafaa, Baba. Na hazitaungua upesi. Ila moja ikifa, zote zinazima."

Baba Mdogo tayari alikuwa amesimama kutafuta koleo. Mama Mdogo akamnyang'anya, akasema fundi ndiye atakayezifunga, zote mbili zikae bandani, na atakayethubutu kuigusa taa ya jikoni kwake atapika mwenyewe.