Kitanda cha Mama Mkwe na Mchanga wa Bure

Kitanda chenyewe ni cha chuma, cha kizamani, chenye vitufe vya shaba juu ya nguzo zake nne. Mama mkwe amejifungulia watoto wake wote juu yake, na ukimsikiliza utadhani hati ya nyumba ndiyo inayokifuata kwa thamani. Kilikuwa kimepakwa rangi juu ya rangi: kijani, samawati, maziwa, kijani tena. Chini ya rangi hizo kutu ya Tanga ilikuwa ikifanya kazi yake bila pupa. Shemeji yangu wa mwisho alipopata mchumba, mama akatangaza kwamba kitanda kitakwenda kwa bwana harusi, ila kwanza kisafishwe mpaka chuma kionekane, ndipo kipakwe rangi nyeusi ya kung'aa.

Fundi wa Ngamiani akataja bei ya kukipiga mchanga kwa bunduki ya upepo mpaka rangi na kutu zitoke. Baba watoto akaguna, akakigeuza kitanda na mkokoteni wake, wakarudi nyumbani. "Nilipe hela zote hizo kwa upepo na mchanga? Upepo ninao, mchanga Mungu kaumwaga."

Upepo alikuwa nao kweli, kwa namna yake. Ana kompresa ya lita 50, mota ya nguvu farasi 2, aliyonunua zama zile alipotaka kufungua kibanda cha kujaza matairi. Kibanda hakikufunguliwa, kompresa ikabaki kulinda stoo. Asichojua ni kwamba kazi hii inakula upepo kuliko tairi lolote. Hata bunduki ndogo ya kupigia mchanga kwa kawaida inataka lita 300 hivi kwa dakika. Mashine kama yake inatoa karibu nusu ya hizo. Ukipiga nusu dakika, presha inashuka, unasimama kusubiri tangi lijae, mota inapata moto, na umeme wa LUKU unateremka huku unautazama.

Mchanga ukawa na kisa chake. Kwanza alikwenda pwani na magunia mawili. Mama mkwe, ambaye kaishi kando ya bahari miaka yote na hajawahi kusoma kitabu cha rangi, akamwambia akaurudishe. Alikuwa na haki. Mchanga mweupe wa fukwe zetu sehemu kubwa ni chengachenga za matumbawe na makombe, laini mno kwa kutu iliyoshikana, na chumvi yake ndiyo balaa zaidi: inajificha ndani ya vishimo vya chuma, unapaka rangi juu yake, nayo inavuta unyevu kwa chinichini mpaka rangi inatoka malengelenge. Basi akahamia kwenye rundo la mchanga wa mto lililobaki kwa jirani baada ya ujenzi. Akauanika juu ya mkeka, akauchekecha. Kwa chekeche gani? Kwa lile la mama la unga wa mkate wa mofa. Hilo peke yake lilitosha kuivuruga wiki.

Jumamosi asubuhi akaanza. Miwani ya jua machoni, khanga yangu imefungwa puani, kandambili miguuni. Mpwa wake akawekwa kushika ndoo ya mchanga, hana hata miwani. Nikamvuta ndani kwa shati. Dakika za mwanzo zilikuwa na raha yake, sikatai. Pale bunduki ilipopita, rangi zote nne ziliondoka pamoja, chuma kikatokea cha kijivu, safi, kina ukakasi ukikigusa kwa kidole. Kisha bunduki ikaziba. Hewa ya pwani ina maji. Ikishindiliwa ndani ya tangi yale maji yanajitenga, yanafuata mpira, yanaukuta mchanga, unagandamana. Akafungua kile kiskrubu cha chini ya tangi, yakatoka maji ya rangi ya chai. Chombo cha kunasia unyevu kinauzwa, hufungwa kati ya tangi na bunduki. Hakukinunua, kwa kuwa hela zilikuwa zinaokolewa.

Wakati huo uani hapaonekani. Vumbi limekaa juu ya kanzu za jirani kambani, juu ya sufuria ya maharage, juu ya kuku. Na kitufe kimoja cha shaba, ambacho hakuna aliyemwambia akiguse, kimepigwa mpaka kimekuwa na ndui.

Hapo ndipo alipoingia mjomba kutoka Mombasa, amekuja kwa vikao vya harusi. Mjomba kaitumikia karakana ya kutengeneza meli maisha yake yote. "Shikamoo mjomba," akasema baba watoto kutoka ndani ya wingu. Mjomba hakuitikia marahaba. Alikwenda moja kwa moja kwenye soketi, akachomoa waya.

"Sisi gatini, mtu akileta mchanga huu, anafukuzwa na gunia lake."

Mchanga wa mto kwa sehemu kubwa ni silika. Chembe ikigonga chuma kwa kasi ile inapasuka, na vipande vyake vidogo kabisa, vya chini ya mikroni 10, havionekani kwa macho. Unywele mmoja una unene wa mikroni 70 hivi. Lile wingu linaloonekana linaanguka upesi. Hili lisiloonekana linabaki hewani saa nyingi baada ya mtu kuvua miwani na kuagiza chai, na ndilo linalofika mwisho wa mapafu na kuyatia makovu. Ugonjwa wake ni silikosisi. Hauna dawa ya kuuponya, na anayeuugua hupatwa na kifua kikuu kwa urahisi zaidi. Uingereza ilipiga marufuku mchanga wa aina hii katika kusafisha vyuma vya kusubu viwandani mwaka 1949. Uturuki ilipiga marufuku kupiga mchanga nguo za jinzi mwaka 2009, baada ya vijana waliokuwa wakizipausha kwa kazi hiyo kuanza kuugua na kufa. Ile suruali iliyopauka mapajani, ambayo bwana harusi wetu anaipenda sana, kwa miaka mingi ilipaushwa hivyo.

"Nitavaa barakoa," akasema baba watoto.

"Na hizo ndevu?"

Hapa mjomba aligusa pabaya. Barakoa ya kuchuja vumbi lazima ibane ngozi pande zote. Ndevu zinaipa hewa mlango wa uani. Mwenye ndevu anatakiwa avae kofia ya kufunika kichwa chote hadi mabegani, inayoletewa hewa safi kwa mpira. Wala si hewa ya ile kompresa ya stoo, maana hiyo imechanganyika na moshi wa oili. Kitambaa cha khanga kinazuia nzi.

Wakakaa barazani, mjomba akaanza kumpangia vitu vya kupigia kadiri ya chuma chenyewe. Kwa kutu ya kitanda kile, garneti: ni jiwe gumu, halina silika huru ila kidogo sana, na ukilichekecha unaweza kulirudia. Oksidi ya alumini ni kali zaidi na inarudiwa mara nyingi, ila bei yake ingemrudisha mtu kwa fundi wa Ngamiani akikimbia. Shanga za kioo hazichimbi, zinang'arisha. Hizo ndizo za shaba na alumini. Magunzi ya mahindi yaliyosagwa yanatoa uchafu na rangi dhaifu bila kukidhuru kitu laini, lakini kutu yatapita yakiisalimia tu. Mpwa akauliza kama maganda ya korosho yanafaa, maana tunayo bure. Mjomba akacheka mpaka akakohoa. Maganda ya korosho yana mafuta yanayobabua ngozi. Aliyebangua korosho kwa mkono anayajua.

Halafu akaokota kibanzi cha rangi chini, akakitazama tabaka kwa tabaka, na kicheko kikaisha. Rangi za zamani nyingi zilitiwa risasi. Kuipiga rangi ya namna hiyo kwa upepo ni kuigeuza unga na kuwapulizia watoto, nao watoto risasi inawaharibu ubongo hata ikiwa kidogo. Na kuku walikuwa tayari wanadonoa.

Mchana wote ukaishia kwenye usafi. Mjomba alikataza ufagio. Ufagio unalirusha vumbi upya. Tulinyunyiza maji, tukakwangua tabaka la juu la udongo, tukalitia kwenye mifuko ya nailoni na kuifunga. Sakafu ikapigwa deki mara mbili. Nguo za baba watoto zililoweshwa kwenye beseni lake peke yake, bila kukung'utwa. Mayai tuliacha kuyala, kwa sababu risasi anayodonoa kuku hufika kwenye yai.

Lile eneo la kijivu safi, saa tisa alasiri lilikuwa limeshakuwa rangi ya machungwa. Chuma kilichovuliwa hakivumilii hewa ya Tanga. Praima, ile rangi ya kwanza ya kuzuia kutu, inatakiwa ipakwe siku ileile, ndani ya saa chache. Praima ilikuwa bado dukani.

Jumatatu kitanda kikapanda mkokoteni tena. Rangi ya zamani ilitolewa kwa dawa ya kuvulia rangi, ikikwanguliwa ingali mbichi ili isitoe vumbi, kisha fundi akakipiga garneti ndani ya chumba chake, na jioni hiyohiyo akakipaka praima ya redokisaidi. Bei ilikuwa ileile ya kwanza, ukiongeza mkokoteni safari ya pili. Vitufe vitatu nilivisugua mwenyewe kwa ndimu na majivu. Cha nne mama mkwe amekifungia kabatini kama ushahidi.

Sasa baba watoto anazitazama grili za madirisha. Amesikia kwamba baking soda inafaa kupigia, ni laini, haina silika, inasuuzwa kwa maji kabla ya kupaka rangi. Yote hayo ni kweli, ila grili zetu zina kutu, na soda kutu haiiwezi, na rangi ya grili hizo ni ya umri uleule wa ile ya kitanda. Sikubishana naye. Nimemwambia anyoe ndevu kwanza, barakoa nitamnunulia mimi. Amesema atafikiria.