Ongeza Chuma!

Tangu nitangaze hapa Kasongo kwamba gari langu litavuta remoki kwenda kuchukua mchele na mawese Kabambare, nimejua kuwa mji huu una mafundi wengi kuliko magari. Kila mtu ana neno juu ya resori za nyuma za Land Cruiser yangu. Hata mama anayetuuzia sombe.

Fundi wangu ni wa chama cha kuongeza. Mwambie gari linainama nyuma, atakujibu: "Papa, tuongeze chuma kingine." Kwamba chuma hicho kitaumiza kiuno changu siku gari likienda tupu, hilo si shauri lake. Resori iliyokazwa kwa ajili ya magunia haipindi kwa mtu mmoja. Kila shimo linapanda lote mpaka shingoni, na mashimo ya njia ya Kabambare hayana likizo.

Muuza vipuri naye ananisukumia amotisa "za mzigo", kwa dola. Nimemweleza kuwa amotisa haibebi kitu: resori ndiyo inayobeba, amotisa inaituliza tu isiendelee kurukaruka. Alinisikiliza kwa heshima zote, kisha akanitajia bei ileile.

Shemeji, mwenye simu isiyokosa megabaiti, ameleta habari za mifuko ya hewa. Ukipakia unaijaza, ukishusha unaipunguza. Ni jambo la akili, sibishi. Ila jiwe likiutoboa mfuko katikati ya pori, quado wa jirani ana viraka vya baiskeli na pole nyingi.

Na katika wote hao hakuna anayeuliza remoki itapakiwaje! Ikilemea mno mbele, inakandamiza mkia wa gari, magurudumu ya mbele yanakuwa mepesi na usukani hausikii. Ikilemea nyuma, inaanza kuyumba na kulipeleka gari inakotaka yenyewe. Katika kila kilo 100 za remoki, 10 hadi 15 zikae pale inaposhikana na gari. Mweleze hayo kijana aliyekwisha kukaa juu ya magunia na akina mama wawili na mbuzi asiyetulia upande mmoja. Tena chuma cha ziada hakiongezi breki hata kidogo, lakini nani anataka kusikia habari za breki?

Mwaka 1870 Livingstone alikwama Kabambare miezi kadhaa kwa vidonda vya miguu. Angalau hakuna aliyemshauri aongeze chuma.

Wakati sisi tunabishana, vijana wanaosukuma baiskeli wanapita. Baiskeli haina pedali wala resori. Ina fimbo iliyofungwa kwenye usukani na magunia kuzidi uzito wa msukumaji. Mmoja alisimama, akainama kuchungulia chini ya gari langu, akacheka kwa adabu.

"Papa, ikikwama huko mbele, mzigo tutaubeba sisi. Bei tutaelewana hukohuko."

Hukohuko! Hapa mjini hataki hata kuitaja.